Baba Naye Aulizwe Hali

Mtoto azaliwapo, majirani humiminika nyumbani. Huletwa uji wa pilipili manga, khanga na mkaa, na kila aingiaye huuliza: "Mzazi hajambo? Mtoto hajambo?" Desturi hiyo ni njema, na idumu. Lakini baba huulizwa jambo moja tu: mtoto ni wa kike au wa kiume?

Kifungua mimba wetu alipozaliwa, nilikuwa fundi wa mitambo kiwandani. Kwa majuma mengi sikupata usingizi, hata mtoto alipolala fofofo. Chakula kilinishinda, jambo dogo lilinighadhibisha, na ile furaha iliyotarajiwa kwangu sikuiona. Siku moja mzee mmoja wa zamu yetu aliniita kando akasema: "Mwanangu, sikuulizi habari za mtoto. Nakuuliza wewe." Nikamweleza yote. Yeye ndiye aliyenishauri kumwona daktari. Daktari hakunicheka, alinisikiliza, akatuita mimi na mke wangu mara kadhaa, hata usingizi ukarejea.

Ndugu msomaji, mimi si wa peke yangu. Mwaka 2010 watafiti wawili wa Marekani, Paulson na Bazemore, walikusanya matokeo ya chunguzi 43. Waliona kwamba kiasi cha baba mmoja katika kila 10 hupatwa na sonona, yaani huzuni nzito isiyobanduka, tangu wakati wa ujauzito hadi mtoto atimizapo mwaka. Miezi mizito zaidi ilikuwa ile ya 3 hadi 6 baada ya kuzaliwa. Tena, mama anapougua, yaelekea baba naye ataugua.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ilimpa baba likizo yenye malipo ya siku zisizopungua 3. Ni jambo la shukrani, ila ugonjwa uingiao mwezi wa nne haungoji likizo. Basi jukumu la kumtazama ni letu sisi: mke, ndugu na wafanyakazi wenzake. Huenda asilie. Huenda akawa mkali, akazidisha pombe, au akatafuta kazi za ziada ili asirudi nyumbani mapema. Huyo asisutwe kabla hajaulizwa.

Nawe baba, ukiulizwa, sema. Wahenga walinena: mficha uchi hazai. Na aliyekwisha kuzaa bado ana kazi kubwa ya kulea, nayo yataka mwenye afya ya mwili na ya moyo.