Galați, Mji wa Ngano na Chuma

Mto Danube, ukisha kupita nchi nyingi za Ulaya, huingia Rumania na kuielekea Bahari Nyeusi. Karibu na mwisho wake, mahali inapoungana nao mito ya Siret na Prut, upo mji wa Galați. Toka hapo hata baharini ni kilomita 150 kwa njia ya mto, walakini meli za baharini hufika.

Utajiri wake wa kwanza ulikuwa ngano. Wakulima wa Moldavia waliileta kwa magari ya ng'ombe, na wafanya biashara wakaipakia melini. Tangu 1837 hata 1883 bidhaa ziliingia bandarini bila ushuru wa forodha. Lakini mkulima aweza kuvuna magunia tele na njia ya soko ikawa imezibwa. Huko Sulina, mlangoni mwa mto, mchanga ulijaa hata meli zikakwama na kuvunjika. Kwa Mkataba wa Paris wa 1856 mataifa makubwa yaliunda Tume ya mto Danube, makao yake Galați. Mhandisi wake, Mwingereza Charles Hartley, alijenga kuta mbili kuingia baharini, ili mkondo ubanwe, upate nguvu, na kuusukuma mchanga wenyewe. Kazi ya akili kweli! (Jenerali Gordon, aliyeuawa Khartoum mwaka 1885, alikuwa mjumbe wa Uingereza katika Tume hiyo kabla ya kwenda Sudani.)

Baada ya Vita Kuu ya Pili wakomunisti walishika serikali. Wataalamu wa Urusi walitaka Rumania idumu katika kilimo, nayo mwaka 1964 ikakataa waziwazi. Tayari huko Galați kiwanda kikubwa cha chuma kilikuwa kinajengwa. Tanuri la kwanza liliwashwa 1968. Mawe ya chuma yalitoka ng'ambo, kwa meli, katika mto ule ule uliochukua ngano. Vijana wa mashamba wakawa wafua chuma, wakapewa nyumba za ghorofa.

Serikali hiyo ilianguka 1989. Mwaka 2001 kiwanda kiliuzwa kwa kampuni ya Lakshmi Mittal, na 2019 kwa kampuni ya Liberty. Kila mara maelfu ya watu wakihofia mishahara yao. Mwaka 1992 mji ulikuwa na watu zaidi ya 320,000. Hesabu ya 2021 haikufikia 220,000. Wengi wamekwenda kutafuta kazi Italia na kwingineko. Nacho kiwanda cha kuunda meli, kilichoanza 1893, kilinunuliwa na Waholanzi mwaka 1999.