Gita Lenye Shingo ya Pili

Katika masomo yetu ya uhakiki wa matini tumefunzwa kwamba muswada usio na jina la mtunzi wala tarehe haukosi kusema ulikotoka, mradi uulizwe kwa subira. Karatasi, wino, mwandiko na hata makosa ya mnakili, vyote ni mashahidi. Sikudhani kwamba siku moja ningeyatumia masomo hayo kuhoji kipande cha mbao, wala kwamba karo ya ndugu yangu ingetegemea jibu lake.

Nililelewa Hurlingham, ingawa si ile Hurlingham ya wenye magari. Sisi tulikaa kotani, chumba na nusu nyuma ya nyumba kubwa ya mawe, karibu na Barabara ya Argwings Kodhek. (Barabara hiyo yenyewe iliitwa Hurlingham hadi C.M.G. Argwings-Kodhek, Mwafrika wa kwanza kuwa wakili nchini Kenya, alipofariki mwaka 1969 kwa ajali iliyotokea papo hapo.) Babu alifika hapo mwaka 1958 kutoka Kisa, akawa mpishi wa Wazungu, kisha wa Wahindi, kisha wa Waafrika wenzake. Alipostaafu, baba alishika bustani na lango. Mwaka 2019 kiwanja kiliuzwa, nyumba ikabomolewa ili pajengwe ghorofa, nasi tukapakia vyombo vyetu tukahamia Kawangware, mwisho wa safari ya matatu namba 46. Siku ya kuhama ndipo gita la babu lilipoteremshwa kutoka darini. Halikuwa na nyuzi. Panya walikuwa wamelifanya nyumba. Mama alilifunga kwa shuka na kuliweka juu ya kabati, na hapo likakaa kimya kwa miaka minne.

Mwaka 2023 mdogo wangu aliitwa chuo kikuu. Tulihitaji shilingi 74,000 za kuanzia, na baba alikuwa ameshatutoka. Binamu yangu mmoja, kijana asiyekosa mbinu, alitukumbusha juu ya gita. Alikuwa akimfahamu bwana mmoja mkusanyaji wa ala za kale, naye alikuwa tayari kununua, lakini alitaka kwanza kujua ni gita gani. Kazi ya kulitambua nikaachiwa mimi kwa sababu, kama alivyosema mama, ndiye niliyesomea maneno.

Nikaanza na maneno kweli. Ukimulika ndani ya tundu la gita, mara nyingi utakuta kibandiko cha mtengenezaji. Cha babu kilikuwa kimetafunwa nusu nzima. Mstari wa juu ulibakiza herufi LLOTONE, wa pili CHAMP, na chini yake maneno machache ya Kiingereza yaliyokatika, yaliyoelekea kuahidi kwamba kitu fulani hakitatokea. Yeyote aliyewahi kusoma shairi lenye mishororo iliyoliwa na mchwa anajua furaha ya kujaza mapengo. Jina lilikuwa Gallotone Champion, na ile ahadi ilikuwa dhamana ya kiwanda kwamba gita halitapasuka. Nilicheka peke yangu. Waswahili husema ngoma ikilia sana haikawii kupasuka. Huyu fundi alikuwa akibishana na methali.

Gallotone ni jina la kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini, iliyouza santuri na magita ya bei nafuu. Kampuni hiyo ndiyo iliyosaidia kugharamia safari za Hugh Tracey, yule mtafiti aliyemrekodi Mwenda Jean Bosco huko Jadotville, siku hizi Likasi, mwaka 1952. Santuri za Bosco zilifika hadi kwetu, na mwenzake Edouard Masengo akaja akaishi hapa Nairobi. Vijana waliowasikia wakauza kuku na baiskeli ili wapate magita. Kisa, kwao babu, ndiko pia alikotoka George Mukabi, ambaye gita lake liliambatana na mlio wa chupa ya soda iliyogongwa kwa chuma. Si ajabu basi kwamba mpishi wa Kisa alimiliki gita. Ajabu ni kwamba jamaa wote walishikilia kwamba babu hakuwahi kulipiga. "Alilipewa na Mzungu wake," baba alizoea kusema, "akalitundika kama picha."

Tarehe je? Hapa historia ilinisaidia kuliko mbao. Kenya ilipopata uhuru Desemba 1963 ilisusia bidhaa za Afrika Kusini kwa ajili ya ubaguzi wa rangi. Gita la kiwanda cha huko halikuelekea kuuzwa dukani Nairobi baada ya hapo. Kwa kuwa babu alifika mwaka 1958, nikaandika katika daftari: kati ya 1958 na 1963.

Nilimpigia yule bwana picha ya kibandiko, nikamtumia pamoja na maelezo yangu. Hakuchelewa kunipigia simu, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayejizuia. Aliniuliza kama najua kwamba John Lennon wa Beatles alikuwa na Gallotone Champion katika ujana wake, na kwamba ndilo alilolipiga mwaka 1957, siku alipokutana na Paul McCartney. Sikujua. Gita hilo liliuzwa mnadani London mwaka 1999 kwa pauni 155,500. "Lako si lile," akasema, "wala bei si ile, lakini hapa kwetu ni adimu. Nitakupa elfu tisini." Tukaafikiana tuonane Jumamosi katika mkahawa mmoja wa Hurlingham, mwendo mfupi kutoka pale kota lilipokuwa.

Laiti ningeliacha hapo! Lakini mtu aliyefunzwa kuhakiki hatulii na ushahidi mmoja. Kibandiko ni kama jina juu ya jalada: huenda ni la kweli, huenda limebandikwa. Nikaazima kioo kidogo cha mpini kama kile cha daktari wa meno, nikakiingiza tunduni pamoja na mwanga wa simu. Kwenye ukingo wa tundu niliona tabaka tatu za mbao zilizogandishwa, kumaanisha kwamba uso ulikuwa wa plaiwudi, si ubao mmoja. Ndani, mataruma yalikuwa yamelala sambamba kama vidato vya ngazi. Magita ya thamani ya Martin wa Marekani huwa na mataruma yaliyopishana kama herufi X, na tangu mwaka 1898 hupigwa nambari ndani, pale shingo inapoungana na tumbo. Hili halikuwa na nambari. Hayo yote yalikubaliana na kibandiko: gita la bei nafuu, la kiwandani, la kweli.

Shingo ndiyo iliyokataa. Tumbo lilikuwa jepesi, lakini shingo ilikuwa ya mti mweusi, mzito, na rangi yake iliishia ghafla kwenye kiungo. Vile vyuma vinavyoikata shingo, ambavyo wapigaji huviita freti na ambavyo wanaistilahi wetu bado hawajakubaliana juu ya jina lake, havikuwa vya kiwandani. Vilikuwa mviringo, vyenye urefu usiolingana, na kimoja kilibakiza mizunguko midogo ya skrubu kwenye ncha. Nilikitazama sana kabla ya kutambua: spoku za baiskeli. Nyuma ya shingo, karibu na tumbo, palikuwa na tundu pana kama kidole gumba, lililozibwa kwa kijiti na gundi. Sikuweza kulieleza.

Kisha nikaona mikwaruzo. Kwenye vidato vitatu vya kwanza, mbao zilikuwa zimechimbika chini ya nyuzi kama jiwe la kusagia. Nyuma ya kidato cha pili palikuwa na kovu lililokata shingo kwa upana, pamoja na punje za rangi ya manjano. Mtu alizoea kufunga penseli hapo kwa mpira ili kupandisha sauti. Gita lililotundikwa kama picha halipati makovu hayo. Yanataka miaka ya vidole.

Usiku wa Ijumaa nilimweleza mama. Alinisikiliza huku akichambua mchele.

"Kibandiko ni cha kweli?"

"Ni cha kweli, mama."

"Amekuuliza habari za shingo?"

"Hajauliza."

"Basi."

Hakusema zaidi, na sikumlaumu. Barua ya chuo ilikuwa imebandikwa ukutani juu ya kichwa cha mdogo wangu, aliyejifanya amelala. Mimi mwenyewe nilitunga hoja nyingi usiku ule. Kwamba mnunuzi ni mtu mzima mwenye macho. Kwamba nilichoulizwa ni jina tu, nami nimelitaja. Kwamba yeye ana magita na sisi tuna karo. Zote zilikuwa hoja nzuri, na kulipokucha hata moja haikunisaidia.

Mkahawani nililiweka gita mezani, na kabla ya kahawa kuletwa nikamwonyesha shingo, spoku na tundu lililozibwa. Yule bwana, namshukuru, hakunidharau. Aligonga tumbo kwa kidole, akapima shingo kwa utepe, akavua miwani. "Mimi hukusanya magita," akasema, "na hili ni nusu gita. Nusu ya pili ni useremala. Chukua elfu kumi, kwa ajili ya kibandiko." Binamu yangu alinikanyaga chini ya meza. Nikasema nitashauriana na nyumbani, nikalifunga gita kwa shuka.

Jioni nilimpigia nyanya huko Kisa. Anakaribia miaka tisini na husikia kwa sikio moja, kwa hiyo nilipaza sauti hata majirani wakajua habari yote. Nilipomuuliza shingo ya gita ilitoka wapi, alikaa kimya kidogo.

"Ile ya kwanza niliivunja mimi," akasema.

Alikuwa amekuja Nairobi mara moja tu katika ujana wake, akiwa na mtoto mgongoni aliyekuwa mgonjwa, akamkuta babu hayupo kotani. Alikuwa Pumwani, akipiga gita harusini kwa malipo ya vinywaji. Aliporudi alfajiri, nyanya alilichukua gita akalipiga kwenye nguzo ya mlango. Mtoto yule alipona. Ndiye baba yangu. Babu hakusema neno. Wiki iliyofuata memsahibu alitupa meza iliyovunjika, naye babu akachukua mguu mmoja, akauchonga usiku baada ya usiku kwa kisu cha jikoni. Akarudi kupiga, ila kwa sauti ya chini, nyuma ya kota, na mlango ukiwa umefungwa. "Baba yako alikuwa analala," nyanya akasema. "Hangejua."

Tundu lililozibwa lilikuwa mahali pa parafujo ya meza.

Mama aliuza cherehani, chama chake cha akina mama kikamkopesha zilizobaki, na mdogo wangu akaenda chuoni wiki mbili baada ya wenzake. Mama hakunisemesha vizuri hadi Krismasi. Gita liko kwangu sasa, lina nyuzi mpya, na uzi wa tatu hukwaruza kwenye ile spoku yenye skrubu. Katika daftari langu nimelijazia ukurasa wake. Jina: Gallotone Champion. Mwaka: kati ya 1958 na 1963. Mahali lilipotengenezwa: Afrika Kusini, na Hurlingham.