Rekodi Niliyoifuta

Nilimdanganya mteja. Nilimwambia mwalimu aliyeniletea Subaru Forester yake kwamba injini imeharibiwa na petroli chafu, nami nilijua fika kwamba mharibifu ni mimi, kwa tarakimu nilizoziandika mwenyewe kwenye kompyuta ya gari. Naandika haya kwa sababu tarakimu zile zile nilizitia kwenye magari mengine ya hapa kati ya Embu na Meru, na baadhi yake bado yako barabarani.

Gari lenyewe ni Forester ya tabo (turbo), umbo la SG5, iliyotoka Japani kama wenzake wengi wanaopanda na kushuka huku kwetu. Mapenzi ya Subaru upande huu wa Mlima Kenya si ya jana. Wakubwa zetu wanamkumbuka Patrick Njiru na Subaru yake kwenye Safari Rally ya miaka ya 1990, na tuliokuwa wadogo 1997 hatujamsahau Colin McRae aliposhinda Safari kwa Impreza ya buluu. Mwalimu naye alitaka gari lake livute kwenye mpando wa Nithi, katika barabara hii ya Embu na Meru, bila kulia. Akanunua bomba pana la kuvutia hewa, akaniomba nilifunge kisha niitune injini ipate kulikubali.

Kwenye bomba kama hilo kuna sensa yenye waya unaopashwa moto. Hewa ikipita inaupoza, na umeme unaohitajika kuurudishia joto ndio kompyuta inaousoma kama gramu za hewa kwa sekunde. Inasomea kwenye jedwali, na jedwali hilo liliandikwa kwa bomba la kiwandani. Ukiongeza kipenyo kwa asilimia 10, nafasi ya kupitisha hewa inaongezeka kwa asilimia 21. Hewa ile ile sasa inapita taratibu mbele ya waya, kompyuta inadhani imeingia kidogo, nayo inamwaga petroli kidogo. Kwa hiyo jedwali zima lazima liandikwe upya, tangu injini ikiwa imetulia hadi mguu ukiwa umekanyaga mwisho.

Mimi niliandika upya nusu ya chini tu.

Nusu hiyo ni rahisi. Gari likitembea kwa utulivu, sensa ya oksijeni ya kwenye ekzosi huirudisha kompyuta kwenye sehemu 14.7 za hewa kwa moja ya petroli, na fundi anaweza kusoma masahihisho hayo na kuyahamishia kwenye jedwali. Tabo ikianza kusukuma, mambo yanageuka. Kompyuta haiisikilizi tena sensa hiyo, inafuata majedwali peke yake, na mchanganyiko unatakiwa kuwa mzito, karibu 11 kwa moja. Huko juu fundi anahitaji kipimo chake mwenyewe kwenye ekzosi. Changu kilikuwa kimekufa na sikutaka kumrudisha mteja mpaka nipate kingine. Nikachukua tarakimu za juu kutoka faili la gari jingine lenye bomba lililofanana na lile kwa macho tu, nikazilainisha mpaka zikaungana na zangu. Mchoro ulipendeza kwenye skrini.

Nilijipa na sababu ya kitaalamu. Embu iko kwenye kimo cha mita 1,300 na zaidi, hewa yetu ni nyepesi kwa takriban asilimia 12 kuliko ya Mombasa, basi injini haitabanwa sana. Ningesema hivyo kuhusu injini isiyo na tabo ningekuwa na haki kiasi. Tabo hufidia wepesi huo kwa kuzunguka kwa kasi zaidi, na hewa inatoka huko ikiwa na joto zaidi. Isitoshe, injini hizi za Japani zilipangiwa petroli ya okteni 100, na ya pampu zetu haifiki hapo. Mchanganyiko mwepesi, hewa ya moto, okteni ya chini: petroli inalipuka yenyewe kabla moto wa plagi haujaifikia, na pistoni ndiyo inayopigwa.

Kompyuta iliniambia. Nilipolijaribu gari kuelekea Runyenjes, rekodi kwenye laptopu ilionyesha kwamba kompyuta imesikia milipuko hiyo na kurudisha nyuma moto wa plagi ili kujiokoa. Nilikaa na ile rekodi mbele yangu. Kisha nikafuta kumbukumbu ya kompyuta, nikaliendesha gari polepole mpaka kila kitu kikasomeka safi, nikamkabidhi mwalimu funguo. Kukosea hesabu ni jambo la kila fundi. Kuifuta ile rekodi ni jambo langu mimi.

Injini ilikufa kwenye mpando baada ya daraja la Nithi, mwalimu akiwa katikati ya kulipita lori, familia yake ndani. Alijirudisha nyuma ya lori kwa ule mwendo uliobaki. Kila anayeijua barabara ile anajua ni watu wangapi wamepotelea pale. Gari lilipovutwa hadi kwangu nikaifungua injini: pistoni ya silinda ya nne ilikuwa imevunjika ukingo kati ya ringi na ringi. "Ni petroli, Mwalimu," nikasema. Aliniamini. Alikwenda hadi kituo alichojazia mafuta akagombana na kijana wa pampu, akilipigania neno langu.

Nilimwambia ukweli baadaye, gari jingine lenye jedwali lile lilipoletwa likionyesha dalili zile zile, nami nikashindwa kulitamka neno petroli kwa mara nyingine. Aliniuliza kitu kimoja: "Siku ile ulijua?" Nikasema ndiyo. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akaniambia injini nitaitengeneza kwa pesa zangu na kijana wa pampu nitamwendea mwenyewe. Yote mawili nimeyafanya. Injini ilikula akiba yangu yote, na kijana yule hakunipa mkono, wala sikuwa na haki ya kuutarajia.

Kama una Subaru ya tabo yenye bomba pana na mimi ndiye niliyeitune, usiikanyage mlimani. Ilete taratibu. Kipimo kipya ninacho, nitaliandika jedwali upya lote bila malipo, na rekodi utaondoka nayo wewe.