Ubao wa Nne

Katika mashindano ya sataranji ya timu za ridhaa nchini Marekani kuna kanuni moja ambayo nimeitafakari kwa muda mrefu. Kila timu ina wachezaji wanne, na wastani wa pointi zao za kiwango lazima uwe chini ya 2200. Pointi 2200 ndizo zinazompa mchezaji wa huku cheo cha masta wa taifa. Bingwa hakatazwi kuingia, hata akiwa grandimasta. Anakaribishwa kwa sharti la kuja na watu ambao bado wanajifunza.

Hebu tupige hesabu. Mwenye pointi 2600 akikaa ubao wa kwanza, wa 2400 ubao wa pili na wa 2200 ubao wa tatu, jumla yao ni 7200. Timu nzima hairuhusiwi kufikisha 8800, kwa hiyo wa nne lazima awe na pointi pungufu ya 1600. Huyo anaweza kuwa mwanafunzi wa sekondari, fundi umeme, au mama aliyejifunza mchezo huu kwa sababu ya watoto wake. Bila yeye timu haipo. Na akishinda, pointi yake inaandikwa moja kamili, sawasawa na ya gwiji aliyeketi ubao wa kwanza. Mahali pengi duniani mdogo huachiwa nafasi kwa hisani ya mkubwa. Hapa mdogo ana nafasi kwa haki, na mkubwa ndiye anayemtafuta.

Mashindano haya huchezwa kwa kanda nne: Mashariki, Kusini, Kaskazini na Magharibi. Washindi wa kanda hukutana baadaye mtandaoni ili apatikane bingwa wa taifa. Ya Mashariki, ambayo kwa miaka mingi yalifanyika Parsippany, New Jersey, katika mapumziko ya Siku ya Marais mwezi Februari, ndiyo makubwa kuliko yote, na imewahi kutokea wachezaji wakazidi 1000. Huchezwa raundi sita kwa siku tatu. Timu hujipa majina ya kuchekesha, nyingine huvaa mavazi yanayolingana na jina, na jina bora hupatikana kwa makofi ya ukumbi mzima. Ndani ya ukumbi huo utamkuta babu na wajukuu wake katika timu moja, mwalimu na wanafunzi aliowafundisha zamani, na marafiki waliotawanywa na kazi ambao wikendi hiyo ndiyo inayowakutanisha.

Mimi nimekaa ubao wa nne, katika timu ya watu wa Afrika Mashariki tunaoishi huku. Nahodha wetu ni dada kutoka Kisumu, muuguzi kwa kazi yake. Jioni moja ubao wa kwanza ulikuwa umepoteza, wa pili na wa tatu wameshinda, na nikabaki mimi. Nilikuwa nimemzidi mpinzani wangu askari mmoja, naye akaniomba sare. Alikuwa na kiwango ambacho sikuwahi kukishinda, na moyo ulitaka niendelee. Nikamuuliza nahodha. Kanuni zinamruhusu nahodha kumwambia mchezaji wake akubali sare au aombe sare, lakini hana ruhusa ya kusema neno lolote juu ya hali ya mchezo. Bila hata kuutazama ubao wangu akanijibu, “Kubali.” Nikampa mpinzani mkono.

Tulishinda kwa pointi 2½ dhidi ya 1½, na katika msimamo wa timu ushindi huo una thamani ileile ya 4 kwa 0. Tulipotoka nje nahodha akaniambia, “Kaka, huenda ungemfunga. Lakini sisi tulihitaji nusu tu, na nusu ulikuwa nayo mkononi.”

Maneno hayo nimeyachukua hadi nyumbani na kazini. Tumelelewa kuamini kwamba kujitolea ni kutoa kila kitu, kujituma hadi mwisho, kumshinda kila anayesimama mbele yetu. Kumbe yapo majira ambapo wajibu wangu ni kutoa sehemu ndogo kwa wakati wake, nikaacha sifa yangu binafsi ili kazi ya wenzangu isipotee. Kaka anayechangia nusu ya ada ya mdogo wake, nusu nyingine ikitoka kwa dada zake, hana sababu ya kuona haya. Ada imelipwa, mtoto yuko darasani. Hata Olimpiadi ya Sataranji, ambako mataifa hushindana kwa timu za watu wanne na mmoja wa akiba, tangu mwaka 2008 huangalia kwanza matokeo ya timu kabla ya kuhesabu pointi za mbao moja moja.

Ipo haki nyingine iliyofichwa katika mpangilio. Timu moja ikipata kete nyeupe ubao wa kwanza na wa tatu, hupata nyeusi wa pili na wa nne. Mweupe ndiye anayeanza, na kuanza ni faida. Basi faida na uzito hugawanywa kabla mtu hajasogeza kete yoyote, wala hakuna timu inayobeba weusi peke yake. Wachezaji nao hupangwa kwa uwezo, wa kwanza akutane na wa kwanza, wa nne na wa nne, ili kila mmoja apambane na mzigo wa kimo chake. Natamani tungegawana kazi za nyumbani na za ofisini kwa uangalifu kama huo.

Je, mashindano ya namna hii yana afya leo? Nayaonea fahari, na pia nayahofia. Simu imemwezesha mtu yeyote kucheza usiku wa manane na asiyemjua, bila nauli wala gharama ya hoteli. Mwaka 2021 janga la Korona liliyahamishia mtandaoni mashindano yenyewe. Kumbi zilipofunguliwa watu walirudi, na nadhani najua sababu: kwenye simu unapoteza peke yako, ukumbini yupo mtu wa kukushika bega. Lakini kumbi hazijifungui. Ya Mashariki yalijengwa na watu wa New Jersey kama Denis Barry na Steve Doyle, ambao kila mmoja kwa wakati wake aliwahi kuwa rais wa shirikisho la sataranji la Marekani, na bado yanategemea watu wanaopanga meza alfajiri na kusuluhisha mabishano hadi usiku. Kila kizazi cha watu hao kinapozeeka, lazima kingine kijitokeze.

Kwetu pia mbegu ipo. Katwe, Kampala, Robert Katende aliwakusanya watoto wa mtaa wa kimaskini kuzunguka mbao za sataranji. Mmoja wao, Phiona Mutesi, aliyekuja kuiwakilisha Uganda katika Olimpiadi, alifundishwa hatua za mwanzo na mtoto mdogo kuliko yeye. Aliyejua kidogo tu ndiye aliyemfungulia njia aliyefika mbali.

Kwa hiyo nina ombi kwa vyama vya sataranji vya Kenya, Uganda na Tanzania, na kwa walimu wenye klabu shuleni. Andaeni mashindano ya timu ya kaunti, wilaya na mikoa, na muweke kikomo cha wastani wa viwango. Mtaona wachezaji wakali wakienda wenyewe kuwatafuta wanafunzi wa kidato cha kwanza, wakikaa nao jioni kuwafundisha, kwa sababu ushindi wao utapitia mikononi mwa watoto hao. Kazi hiyo ya kufundishana tumeiombea wafadhili kwa miaka mingi, na kumbe kanuni ya mstari mmoja inaweza kuianzisha.