Mhaini Katika Daftari la Ubatizo

Mgeni afikapo York, kaskazini mwa Uingereza, hukimbilia kanisa kuu la Minster, akalipita lile la St Michael le Belfrey lililo ubavuni mwake. Amekosa uhondo!

Kanisa hilo lilijengwa upya kati ya 1525 na 1537. Mwaka 1538 Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry wa Nane, aliamuru kila parokia iandike ubatizo, ndoa na mazishi. Watu walinung'unika, wakihofia ni hila ya kuwatoza kodi. Kumbe ndivyo hata makabwela walivyopata kuandikwa majina.

Katika daftari la kanisa hili, Aprili 16, 1570, aliandikwa mtoto Guy Fawkes. Mwaka 1605 alinaswa akilinda baruti chini ya Bunge, London. Alinyongwa 1606. Jina lake daftarini halikufutwa.