Kulungu wa Cairngorms

Kazi ya kamera niliianzia Arusha, kwa picha za pasipoti na harusi, kisha nikahamia kwenye wanyama wa Serengeti na Ngorongoro. Huko mpiga picha hukaa garini. Simba na pundamilia wamekwisha kulizoea gari, hulipita kama wanavyopita kichuguu. Nilipohamia Uskoti na kuanza kuwafuata kulungu wekundu katika milima ya Cairngorms, ilinibidi kujifunza kazi upya, safari hii kwa miguu.

Kulungu wa huko wanamwogopa binadamu, na wana haki. Mbwamwitu walikwisha Uskoti karne nyingi zilizopita, kwa hiyo kupunguza idadi ya kulungu kumebaki kazi ya bunduki. Msimu wa kuwinda majike huanza tarehe 21 Oktoba na kuisha 15 Februari, yaani katikati ya theluji yenyewe. Kabla ya kupanda bonde lolote nilikuwa nawapigia simu wenye ardhi, niulize wawindaji wako upande gani, ndipo nifunge mzigo.

Theluji ikizidi juu, makundi hushuka mabondeni, yakakaa upande uliokingwa na upepo na kuifukua theluji kwa kwato kutafuta vichaka vya kula. Niliwaendea upepo ukinipiga usoni, maana kulungu humnusa mtu kabla hajamwona. Nikifika mahali pazuri nililala kifudifudi, nikasubiri.

Theluji huidanganya kamera. Kipimo cha mwanga hudhani weupe wote ule ni mwanga uliozidi, kikaupunguza, na picha ikatoka ya kijivu. Kwa hiyo nilikuwa naongeza mwanga kwa stopu moja, siku za jua kali hata mbili. Betri za akiba zilikaa kifuani, ndani ya nguo, kwa sababu baridi huzimaliza upesi. Braemar, kijiji cha milima hiyo, kimewahi kufikia nyuzi 27.2 chini ya sifuri, mwaka 1895 na tena 1982. Kabla ya kuingia kwenye nyumba yenye moto, niliifunga kamera ndani ya mfuko wa plastiki, ili unyevu ugande juu ya mfuko badala ya kwenye lenzi.

Lakini ufundi huo wote hauna maana kwa mtu asiyeijua hali ya mnyama mwenyewe. Madume huingia majira ya baridi wamekonda, kwa kuwa mwezi wa Oktoba hupigania majike na karibu wasile. Majike wengi wana mimba. Chakula kilichobaki ni duni, hivyo wote huishi kwa akiba ya mafuta. Watafiti wa Vienna waligundua kwamba usiku wa baridi kali kulungu mwekundu hupunguza mapigo ya moyo na kuiacha sehemu ya nje ya mwili ipoe, ili asiichome akiba hiyo bure. Mtu akimshtua, akakimbia kupanda mlima katika theluji ya magotini, anaitumia kwa dakika chache akiba aliyoilinda usiku kucha.

Mhariri mmoja aliwahi kuniagiza picha ya kundi likikimbia huku theluji ikitimka. Nilimjibu kwamba wakikimbia kwa sababu yao nitapiga, ila mimi sitawakimbiza. Nilimpelekea jike aliyelala anacheua, barafu imemganda mgongoni bila kuyeyuka, jinsi manyoya yake yanavyolizuia joto lisitoke. Picha hiyo inamweleza msomaji jinsi mnyama anavyoishi. Ile ya mbio ingemweleza tu kwamba mpiga picha alikuwapo.

Vijana huniuliza wanunue lenzi gani. Nawaambia ndefu kadiri ya uwezo wao, na wajifunze kuangalia masikio: kulungu akiacha kula na kuinua kichwa, hapo ndipo mwisho wa kusogea. Kila mita unayomwachia ni mafuta yanayobaki mwilini mwake, na kwa jike mwenye mimba hayo ndiyo yatakayomlea ndama wa mwezi Juni.