Mizani Husema Kilo, Tepu Husema Nyama Imekwenda Wapi

Mmezoea nikiwaandikia habari za vitambaa na shela. Leo namwandikia bi harusi mwenye mama au khaloo anayesafishwa damu, maana wengi mnanijia dukani na swali moja: ataweza kutembea mpaka ukumbini?

Mama yangu mdogo yumo katika hao. Anakwenda mashine mara 3 kwa wiki, kama saa 4 kila safari, na binti yake anaolewa Shawwal inshaAllah. Nilimpima mwezi wa Rajab. Kadi yake ya hospitali ilionesha kilo zile zile za mwaka jana, lakini daftari langu likasema vingine: mkono wa juu umepungua inchi 2, nyonga zimeshuka, na vifundo vya miguu vimejaa. Nyama imeondoka, maji yamekaa pahala pake, na mizani inajumlisha vyote. (Mkono wenye mshipa wa mashine nauachia nafasi kubwa. Usibanwe na nguo wala bangili, mafundi wenzangu mnisikie.)

Nikamuuliza anakula nini. Chai ya rangi, mkate, uji. "Si waliniambia samaki na nyama zinachosha figo, mwanangu?"

Waliyomwambia yalikuwa kweli, ila ilikuwa kabla ya mashine. Figo zikidhoofika na mgonjwa hajaanza kusafishwa, mara nyingi hupunguziwa protini. Akishaanza, hesabu inageuka. Mashine ikitoa uchafu hutoa pia amino asidi, zile zinazojenga nyama ya mwili, kiasi cha gramu 6 hadi 12 kila awamu. Ndiyo maana hushauriwa ale gramu 1.0 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Mwenye kilo 60 anahitaji 60 hadi 72. Yai moja lina kama 6 tu! Kipande cha changu cha gramu 100 kilichopikwa kina 20 au zaidi kidogo. Sasa huyo wa chai na mkate atapata wapi nguvu ya mapaja?

Mtaalamu wa lishe alimtembeza mita 4 kwa mwendo wake wa kawaida, akahesabu sekunde 7. Zikizidi 5, mwendo huo ni wa polepole. Kisha akamwambia ainuke kitini mara 5 bila kushika kitu. Alifika ya tatu. Nilikumbuka kwamba kwenye sala alikuwa ameshahamia kwenye kiti, nasi nyumbani tukisema ni umri. Kusali umekaa ni ruhusa kwa mgonjwa, alhamdulillah, lakini miguu ikianza kukataa kuinuka, daktari aambiwe.

Sasa anakula samaki mchana, mayai usiku, na siku zisizo za mashine anatembea mpaka kona ya msikiti na kurudi. Akitoka mashine halazimishwi, presha huweza kushuka akaanguka. Juzi tulimhesabia tena mita 4: sekunde 6. Si haba.

Futari ndiyo yenye mitego. Tende, ndizi, madafu na juisi ya parachichi zina potasiamu nyingi, nayo ikizidi kwenye damu husumbua moyo. Mbatata na muhogo vikatwe vidogo, vichemshwe kwa maji mengi, maji yamwagwe ndipo vipikwe. Dagaa wazima na soda nyeusi vina fosforasi, hivyo protini yake aitafute kwa samaki wa mnofu, kuku na ute wa yai. Kiasi chake hasa apangiwe na hospitali yake, kwa sababu vipimo vya damu vya kila mtu ni mbali. Kufunga pia aulize, na asiyeweza kabisa ana fidia.

Na nyinyi mabibi harusi, siku ya shughuli mkimpakulia, kuku awe mwingi kuliko wali. Achari iacheni. Chumvi humtia kiu, na maji anayokunywa ndiyo yanayojaa miguuni.